UZI: Nduaro wa kitambaa aliyelala shambani Canada mpaka akarudi kwao akaruka tena

tezo_na_msumari (mleta uzi):

Assalaam aleykum wana jukwaa. Uzi mrefu huu, mwenye haraka zake apite hana lawama, wengine tieni kahawa mkae.

Mie nna maradhi ya ndege. Si ya kupanda, kupanda nimepanda mara tatu tu na zote nilifumba macho wakati wa kutua, maradhi yangu ni kuzifungua nione ndani mna nini. Miaka tisa nimeshika spana pale Kisauni uwanjani, huku Unguja, kwenye vindege vidogo vya injini moja, na kabla ya hapo nimelelewa Funguni na babu mzaa mama alokuwa fundi majahazi, yaani mikono hii imeanza na tezo ikaja ikahamia kwenye spana.

Sasa wiki ilopita nimempeleka mgeni Chapwani, hicho kisiwa ukisimama Malindi unakiona. Mgeni kashughulika na popo anawapiga picha, mie nkabaki nazunguka makaburini. Kuna mabaharia 24 wa Kiingereza wamelala pale, wa manowari Pegasus, ile ilopigwa hapa hapa bandarini alfajiri ya tarehe 20 Septemba 1914. Ilikuwa imetia nanga inatengeneza mitambo yake, haina hili wala lile, ikatokea Königsberg ya Wajerumani ilokuwa imejificha Rufiji, ikasimama mbali kule mizinga ya Pegasus haifiki ikaanza kuishindilia tu. Wazee wetu waliamka kwa mizinga siku ile.

Jioni nimerudi nyumbani nkaandika Pegasus kwenye simu nataka habari za meli, simu ikaniletea injini. Injini ya ndege! Silinda 9 zimepangwa duara kama watoto wanaocheza ukuti, inaitwa Bristol Pegasus, na hapo ndo usingizi ulipokatika mana kutoka kwenye injini nkaingia kwenye ndege inayoibeba na kutoka kwenye ndege nkaingia kwenye shamba moja Canada, na hadithi ya hilo shamba ndo nataka kuwapa.

Mpemba_Halisi:

Nshaweka mkeka. Hebu anza kwanza na hilo jina, Pegasus ni nini?

tezo_na_msumari:

Farasi mwenye mabawa, wa hadithi za Wayunani wa kale.

Mpemba_Halisi:

Kama Buraq?

tezo_na_msumari:

La yakhe, zile ni ngano tu, tusichanganye mambo watu wakaja kutufungia uzi.

rubani_wa_ungo:

Hahaaa. Aisee mkuu tiririka, tupo.

tezo_na_msumari:

Haya. Ndege yenyewe ni Fairey Swordfish. Na Swordfish si mwengine, ndo nduaro wetu huyu anaekatwa vipande pale sokoni. Ilikuwa ndege ya jeshi la majini la Uingereza, inaruka kutoka juu ya meli, mabawa ghorofa mbili, gurudumu haziingii ndani, watu watatu wamekaa wazi hakuna paa hakuna kioo cha maana, rubani mbele, katikati msoma ramani, nyuma mtu wa simu ya upepo ambae ndo huyo huyo mpiga bunduki. Mabawa yanakunjwa nyuma kama ya panzi ili iingie kwenye tumbo la meli. Mwendo wake ukiikamua sana ni kama kilomita 220 kwa saa, na hapo haijabeba kitu, ikitiwa topido, lile bomu linalokwenda majini, la kilo 730 chini ya tumbo ndo inakwenda kama daladala ya Bububu saa saba mchana.

Mabaharia wenyewe waliipa jina la mkoba wa nyavu, ule wa kwendea sokoni, mana chochote utakachoipa inabeba.

Lakini msiicheke. Usiku wa tarehe 11 Novemba 1940 nduaro 21 waliingia bandari ya Taranto kule Italia wakazichapa manowari tatu kubwa zikiwa zimetia nanga. Mei 1941 Bismarck ya Wajerumani, lidude la kutisha, ilipigwa topido la nduaro kwenye usukani ikawa inazunguka tu kama mashua ilokatika msukani, kesho yake ikazama. Na Mei 1942 walikuja mpaka huku kwetu, walishambulia Diego Suarez kule kaskazini ya Bukini (Madagascar) wakitokea kwenye meli Illustrious. Wakati ule manowari za Waingereza zilikuwa zishahamia Kilindini Mombasa kwa kumkimbia Mjapani aliyewapiga Ceylon. Kwa hio wazee wa Pemba waloona vitu vinapita juu na mabawa mawili mawili hawakuwa wanaota.

Binti_wa_Wete:

Umesema nduaro wa kitambaa, sasa ndege ya kitambaa inapigana vita vipi?

tezo_na_msumari:

Dada swali zuri. Mifupa ni chuma, ngozi ni kitambaa cha kitani. Wanakivuta juu ya mbavu za bawa, wanakishona, halafu wanakipaka dawa inayokifanya kijikaze chenyewe kikikauka, kinakaza mpaka ukikigonga kwa kidole kinalia dum kama msondo. Na dawa ile unaijua harufu yake, mana rangi ya kucha imetokana na kitu kile kile. Ukiingia kwenye banda wanalovalisha ndege kitambaa unanusa saluni ya bi harusi.

Uzuri wa kitambaa ni kwamba risasi inaingia huku inatokea kule inaacha tundu tu, hakuna kitu kilichoripuka, wakirudi melini wanatia kiraka. Ni tanga lile! Tanga likitoboka hutupi jahazi.

Binti_wa_Wete:

Haha basi nipeni mie kazi ya kupaka, mkono wangu hautetemeki.

tezo_na_msumari:

Naendelea. Sasa moja katika hizo nduaro ina namba W5856. Ilitengenezwa na kiwanda cha Blackburn kule Sherburn, Yorkshire, ikaruka mara ya kwanza tarehe 21 Oktoba 1941, siku ambayo wanamaji wa Kiingereza wanakumbuka vita vyao vya Trafalgar. Ikafanya kazi bahari ya kati kama mwaka, ikarudi kiwandani kutengenezwa, halafu wakaipeleka Canada kufundishia.

Vita vimekwisha, nani anataka ndege ya kitambaa? Zama za jeti hizo. Zikauzwa kwa bei ya chuma chakavu. Akatokea mkulima mmoja wa Tillsonburg, Ontario, anaitwa Ernie Simmons, akawa ananunua mizoga ya ndege za jeshi anaikokota shambani kwake anaipanga. Nduaro kadhaa na ndege nyengine za mafunzo. Zikakaa pale theluji inaingia theluji inatoka, miaka zaidi ya ishirini, na kwa sababu ya mtu huyo mmoja asiyetupa kitu ndo maana leo duniani kuna nduaro kadhaa wa kuonekana. Sie kwetu mtu kama huyo tungeshamwita majina.

Mzee akafariki, 1970 vitu vyake vikapigwa mnada. W5856 ikaenda Alabama, Marekani, kwa mtu. Huyo akaiuza kwa tajiri mmoja wa Scotland, Sir William Roberts, ndo akairudisha ng'ambo kwao 1977 kwenye makumbusho yake ya Strathallan. Nae mambo yakamshinda miaka ya 1980, makusanyo yakavunjwa yakaanza kuuzwa moja moja. Mnaona safari hii? Kila mwenye nayo akifa au akichoka, ndege inarudi mnadani.

1990 ndo ikanunuliwa kwa ajili ya amana maalumu ilokusudia kuirusha, ikapelekwa Brough, karakana ya kampuni ilokuja kurithi kiwanda cha Blackburn. Yaani wale wale. Ikavuliwa mpaka mifupa. 1993 ikaruka tena.

rubani_wa_ungo:

Mkuu subiri kwanza. Miaka ishirini kwenye theluji halafu unaivua unaivalisha inaruka? Mi naona hapo kilichoruka ni namba tu. Kitambaa kipya, waya mpya, mbao mpya, injini imefumuliwa. Ndege ya zamani iko wapi hapo?

tezo_na_msumari:

Hapa ndo patamu na ndo ugomvi wa wakubwa wote wa fani hii. Bado hata hujasikia, mana 2003 wakati wa ukaguzi wakakuta kutu imeingia kwenye mihimili ya mabawa ikasimamishwa hairuki. Ikabidi itengenezewe mabawa mapya kabisa, na haikurudi hewani mpaka 2015. Miaka kumi na mbili chini kwa ajili ya kutu!

Na mie kwenye kutu msinambie kitu. Kuna siku nimefungua kifuniko cha chini ya bawa la kindege kimoja, sitosema cha nani, kimekuja kwetu kwa ukaguzi wa kawaida na karatasi zake safi zimegongwa muhuri kila mahali. Nkatia kidole kwenye muhimili kikatoka na unga mweupe. Mweupe laini kama unga wa muhogo. Bati la ndege haliozi jekundu kama msumari, linaoza jeupe, na hewa yetu hii ya chumvi inalila usiku na mchana. Nimepiga kwa bisibisi kidogo tu ikazama kama kwenye muwa ulooza. Na kile kindege asubuhi yake kilikuwa kimebeba watu. Nilikwenda kukaa chini ya muembe nisiseme na mtu mpaka alasiri.

Kwa hio mtu akinambia mabawa mapya yanaharibu historia namjibu, we bora ubebwe na historia au ubebwe na bawa?

Mpemba_Halisi:

Lakini hujamjibu mwenzio. Ndege ile ni ile ile au si ile?

tezo_na_msumari:

Namjibu kifundi majahazi. Jahazi la babu likiletwa ufukweni Maruhubi kila baada ya misimu anatoa mbao mbili tatu zilizoliwa, anatia nyengine, anapiga kalafati, anapaka sifa (mafuta ya papa) na deheni linarudi majini. Likifika miaka arobaini hakuna hata ubao mmoja wa juu wa siku ya kwanza. Hakuna mtu hata mmoja bandarini aliyewahi kusema hili si jahazi la fulani. Babu alikuwa akisema jahazi ni mkuku, ule mti wa chini unaobeba chombo kizima, mkuku ukiwa mzima mengine nguo. Ndege nayo ina mkuku wake, kiunzi cha mwili na kile kibati cha kiwandani chenye namba, na karatasi zinazofuatana bila kukatika toka 1941. Pale palipovunjika mnyororo, mtu katoka na kibati tu mfukoni akajenga ndege nzima juu yake, hapo na mie nasema hio ni nyengine.

Binti_wa_Wete:

Na mtepe ule, jahazi la kushonwa, ulokuwa uani kwenye makumbusho ya Beit al-Ajaib? Ule ulikuwa mpya kabisa hakuna mkuku wa zamani hata kijiti.

tezo_na_msumari:

Ule ni mfano, na haukudai kuwa mwengine. Faida yake ni kuwa mafundi ilibidi wajifunze upya kushona mbao kwa kamba za makumbi, kazi ambayo mikono ilikuwa ishaisahau. Ndo kilekile kilichotokea kule, kutengeneza mabawa ya nduaro ilibidi mtu ajifunze upya namna ya kukunja mabamba ya chuma kwa vipimo vya miaka ya 1930.

Jengo lenyewe ndo hilo liliporomoka 25 Disemba 2020 na roho zilitoka. Sitaki kuingia huko, naumia.

KibandaMaiti_boy:

Me naona wenzetu pesa zimewazidi tu. Kindege cha kizamani cha nini, wapeleke hospitali hizo hela.

tezo_na_msumari:

Sikukatazi kusema hivo. Ila pesa zenyewe si za serikali. Mwanzo ndege zile kongwe zilikuwa na kikosi chake ndani ya jeshi la majini hapo Yeovilton, Somerset, Machi 2019 jeshi likakifunga. Ndege zikaingia mikononi mwa taasisi ya hisani inaitwa Navy Wings, inakusanya michango ya watu, mwenye pauni tano mwenye elfu tano, ndo zinaruka.

Nkasoma hapo nkajisemea huu si wakfu huu? Mtu anatoa mali yake, haiuzwi, hairithiwi, manufaa yake kwa watu. Visima vya mji huu, misikiti, nyumba za Mji Mkongwe ngapi zimesimama kwa wakfu, na tunayo kamisheni nzima ya wakfu hapa. Ile ndege ilipokuwa mali ya mtu iliuzwa na kuuzwa, Canada, Alabama, Scotland. Ilipotiwa kwenye amana safari zikakoma. Hii ndo hoja yangu mie, msinitoe kwenye hoja na hospitali.

ustadh_wa_mtaa:

Tahadhari kidogo sheikh, wakfu una masharti yake, si kila mchango ni wakfu. Lakini mfano umefahamika.

tezo_na_msumari:

Nimekubali ustadh, mfano tu.

rubani_wa_ungo:

Swali lingine mkuu, kwa nini wairushe kabisa? Si waiweke ndani watu waione. Ikianguka ndo basi tena.

tezo_na_msumari:

Inaanguka kweli. Aprili 2021 ndege nyengine ya majini ya zamani, Sea Fury, injini ilizima hewani karibu na Yeovilton, ikatua kwa nguvu shambani ikavunjika. Watu wawili ndani wakatoka wazima alhamdulillah. Hata hizo Sea Fury na ndugu zake zina hadithi ya kurudishwa, 1979 Wamarekani wawili, Ed Jurist na David Tallichet, walizikuta Iraq ziko zaidi ya ishirini zimetupwa, wakazinunua wakazisafirisha mpaka Florida.

Ila kuiweka ndani nako si kuipumzisha. Injini ya duara kama Pegasus ikikaa, mafuta yanachuruzika taratibu mpaka silinda za chini yanajaa juu ya pistoni. Akija mtu asiyejua akaiwasha, pistoni inakwenda kugonga mafuta, na mafuta hayaminyiki, konrodi, ule mkono wa pistoni, inapinda papo hapo. Ndo maana utaona kabla ya kuwasha wanashika propela kwa mkono wanaizungusha pole pole, wanahesabu mapanga. Mipira inakauka, kitambaa kinalegea, panya wanajenga. Kitu kilichotengenezwa kiende kikikaa kinakufa kimya kimya hata mlinzi wa makumbusho hajui.

Halafu kuna ile kuwasha yenyewe, hii ndo nimeiangalia kwenye video mpaka bando likakata. Nduaro haiwashwi kwa kitufe. Wanapanda watu wawili ubavuni karibu na injini wanatia hendeli kwenye tundu, wanazungusha. Ndani kuna gurudumu zito. Mwanzo linakataa, wanakwenda polepole wamekunja mgongo kama wanafufua mashine ya kusaga nafaka ilogoma, halafu linaanza kuitika, sauti inapanda, mmmmm, inapanda, mikono yao sasa huioni vizuri, wanapiga kelele kumpa ishara rubani, rubani anavuta, lile gurudumu linaishika injini, propela inaruka robo, nusu, moshi wa buluu puuu, silinda moja inakohoa, ya pili, halafu zote. Wale wawili washashuka wanapangusa jasho. Nilivyoona vile nilipiga makofi peke yangu chumbani mke wangu akaja kuuliza nani kafunga goli.

Binti_wa_Wete:

Maskini mke wako.

mtoto_wa_kilindoni:

Salaam kutoka Mafia. Mmetaja Königsberg mkatuacha. Huku ndo ndege za majini za kwanza kabisa kuja kuitafuta ile meli zilitua. Novemba 1914 walimkodi rubani wa kiraia kutoka Durban, Cutler, na boti yake inayoruka ya Curtiss, wakaweka kambi kisiwa cha Nyororo. Injini ikawa inachemka balaa kwa joto, redieta ikashindwa, ikabidi waende kutafuta redieta ya gari ya Ford Mombasa wakaifunga kwenye ndege! Na ikaruka na meli akaiona. Disemba injini ikamfia kule delta akatekwa na Wajerumani.

Mwaka uliofuata zikaja Sopwith, joto likazishinda, gundi ya mbao inaachia. Zikaja Short, halafu Caudron na Farman zikajengewa uwanja huku kwetu Mafia. Ndo hizo zilizokuwa juu tarehe 11 Julai 1915 zinaelekeza mizinga ya manowari za Waingereza Severn na Mersey mpaka Königsberg ikaisha. Rubani Cull na mwenzie Arnold ndege yao ilipigwa wakaangukia mtoni, na mpaka inaanguka Arnold anaendelea kutuma ishara mizinga isogee wapi.

tezo_na_msumari:

Sheikh wangu we umetia sukari uzi huu! Redieta ya Ford! Huyo aliyeifunga ile redieta mie namjua, simjui jina lakini namjua, ni fundi yule anaekwambia ngoja nkaangalie nyuma ya nyumba nna kitu kinaweza kufaa.

Mpemba_Halisi:

Sasa mie nna langu. Wao wanarudisha ndege yao, sawa. Mizinga ya Königsberg iko Fort Jesus Mombasa, mwengine Pretoria, mwengine Jinja Uganda. Imetoka Rufiji. Nyumbani kwake wapi? Ujerumani ilikotengenezwa au Rufiji ilikozama? Na hio ndege yenyewe imekaa Canada miaka zaidi ya ishirini, nani kasema kwao ni Yorkshire?

mtoto_wa_kilindoni:

Mizinga irudi Rufiji bwana.

KibandaMaiti_boy:

Ije Unguja, huku ndo ilikofanya kazi hahaha.

tezo_na_msumari:

Swali zito hili na nimelilalia siku mbili kabla ya kujibu. Mie naona kwao kitu ni pale penye mtu anaejua kukitengeneza na anaekereka kikiharibika. Canada walikuwa na shamba na mtu wa kuihifadhi, ni wema mkubwa, lakini aliyekuwa na banda la ukoo wa Blackburn na mafundi wa kuitengeneza ni Brough. Kama wangekuwepo mafundi hao Tillsonburg ningesema kwao ni Tillsonburg. Mizinga ile haitaki fundi, inataka rangi tu, kwa hio ugombanieni nyie.

Na nikubalini na jengine, sikuuleta uzi huu kwa ndege peke yake.

Babu alipofariki aliacha mashua moja, ndogo, hajaimaliza kuitengeneza, iko Funguni imelazwa ubavu. Sie wajukuu na watoto tuko kumi na saba kwenye mirathi. Tanga limechukuliwa na mmoja, nanga imeuzwa, foromali sijui iko wapi. Sasa ametokea mtu wa fanicha anataka mbao zake atengeneze vitanda vya mahoteli, si mnajua watalii wanavyopenda mbao za majahazi ya zamani zilizopauka na matundu ya misumari. Bei aliyotaja nzuri, sitowadanganya, na binamu yangu mmoja yuko tayari kuuza hata kesho. Mie nakaa nasoma habari za mkulima wa Canada usiku kucha na mashua ya babu inaliwa na mchwa dakika kumi kwa miguu kutoka kwangu.

Binti_wa_Wete:

Kumbe! Uzi wote huu ulikuwa unazunguka mbuyu.

ustadh_wa_mtaa:

Hapa sasa wakfu unaingia kwa masharti yake. Warithi wote wakiridhia, au mwenye hisa akitoa hisa yake, inawezekana. Kaeni na mtu wa elimu, msifanye kwenye WhatsApp.

rubani_wa_ungo:

Mkuu usiuze. Nimesahau hata tulikuwa tunabishana nini.

KibandaMaiti_boy:

Bei gani alotaja?

tezo_na_msumari:

Bei sitaji. Leteni dua.

tezo_na_msumari:

Narudi baada ya siku sita samahanini. Ijumaa baada ya sala tumekaa kwa mama mkubwa, watu kumi na mmoja katika kumi na saba. Zogo la saa mbili. Binamu hajakubali wakfu ila kakubali kungoja mpaka bamvua la mwezi mpya, tukiweza kuisogeza maji yakijaa mpaka Maruhubi kwa mafundi basi hatouza hisa yake, tukishindwa anamwita mtu wa vitanda. Mama mkubwa katoa hisa yake hapo hapo, hakuzungumza sana, kasema tu baba alikuwa hapendi kitanda.

Leo alfajiri maji kavu nimekwenda na nyundo nkaugonga mkuku wote kutoka omo (mbele) mpaka tezi (nyuma). Unalia vizuri, tiii tiii, mti mkavu mzima. Isipokuwa upande wa tezi, kama futi mbili, panalia kama papai.

Mpemba_Halisi:

Futi mbili tu? Nna kipande cha mvule kimekaa uvunguni huku Wete toka baba'angu yuko hai, futi tano, hakijapata maji. Sikiuzi. Njoo ukichukue.

tezo_na_msumari:

Jumamosi nakuja na boti ya asubuhi in shaa Allah. Nitakujuaje bandarini?

Mpemba_Halisi:

Nitakuwa nimekaa juu ya mbao.